Ukingo wa Nyangwe

Nyangwe iko kwenye ukingo wa kulia wa Mto Lualaba, kusini mwa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bahari iko mbali, lakini ukingo huo ulifanya kazi ya gati: pembe za ndovu, samaki na, kwa aibu ya biashara ile, watumwa walipitia hapo. Wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki walijenga kituo chao miaka ya 1860. Siku ya soko wanawake walivuka kwa mitumbwi ya Wagenya, mabingwa wa mto.

Tarehe 15 Julai 1871 wafuasi wa wafanyabiashara hao waliufyatulia risasi umati wa sokoni. Wengi walikimbilia mtoni. Mitumbwi ikajaa, ikapinduka. Msafiri Mskoti David Livingstone alishuhudia, na taarifa yake iliongeza shinikizo lililofunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Livingstone alidhani Lualaba ni Nile. Novemba 1876 msafiri Henry Stanley aliondoka Nyangwe pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip, akaufuata mto, na Agosti 1877 akafika Boma, karibu na Bahari ya Atlantiki: ulikuwa Mto Kongo. Machi 1893 majeshi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, yakiongozwa na afisa wake Dhanis, yaliiteka Nyangwe.