Kidonda cha Mzazi Kichunguzwe
(Maneno ya Kamati ya Afya siku ya maadhimisho)



Miaka kumi tumezungumza hisa, mikopo na faini. Leo, akina baba mliopo mtuwie radhi, tunazungumzia msamba: pale kati ya njia ya uzazi na ya haja kubwa, panapochanika mama anapojifungua.

Wakunga hugawa jeraha hilo madaraja manne. La kwanza ni ngozi tu. La pili limefika kwenye misuli. La tatu limegusa msuli unaobana haja kubwa, na la nne limepenya hadi ndani ya utumbo. Sasa jamani, la tatu halijulikani kwa kuchungulia na tochi ya simu! Mkunga anahitaji taa nzuri, avae glavu, apitishe kidole njia ya haja kubwa kabla ya kushona, na tena akimaliza. Mama asione ni dharau. Ndicho kipimo chenyewe. Wakishona juu na msuli ule ukaachwa, upepo na hata choo vinaweza kumtoka bila hiari.

Na nyumbani je? Mwaka 1974 Nancy Davidson wa Marekani alitoa kipimo kiitwacho REEDA. Huangalia wekundu, uvimbe, damu kuvilia, majimaji yanayotoka, na kama kingo za kidonda zimekutana. Kila kimoja hupewa 0 hadi 3, na 15 ndiyo mbaya kabisa. Maksi tuwaachie wauguzi, lakini hayo matano hata mama mkwe aliyeleta mtori anaweza kuyauliza. Kukiwa na usaha, harufu mbaya au homa, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wenzetu, hatuwataji, walioacha kuja kikaoni, hisa wanamtuma mtoto. Hospitali zipo, nauli ndiyo shida. CCBRT ya Dar es Salaam ililiona hilo, na mwaka 2009 ikaanza kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa. Fistula ni ugonjwa mwingine, ila aibu yake ni ile ile.

Mfuko wetu wa jamii hutoa rambirambi hata kwa shangazi wa mume. Basi utoe pia nauli ya mzazi kwenda kuchunguzwa, awe wa Ngaramtoni au Usa River, bila kumwuliza anaumwa wapi. Mweka hazina apewe jina tu. Ombi hili tumeshamkabidhi Katibu, liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu.