Chembe Shina: Tiba na Mipaka Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone dhaifu, akampa akili ya kutafuta na moyo wa kuogopa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu! Tunakuusieni, pamoja na kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tunazungumza juu ya elimu ambayo vijana wetu wanaisoma vyuoni, na wazee wanaisikia bila ya kuelezwa: elimu ya chembe shina.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe zisizohesabika, na nyingi zina kazi moja tu. Lakini zimo chembe zinazojizidisha na kuzaa chembe za namna nyingine. Zile za uboho wa mifupa hutengeneza damu maisha yetu yote. Zile za kiini cha mimba chenye siku chache zaweza kugeuka kuwa kiungo chochote. Hizi za pili wataalamu wa Marekani walizitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na hapo mabishano yakawa makali, kwa kuwa kuzitoa hukiharibu kiini chenyewe.

Faida ya elimu hii haikanushiki. Mtoto mwenye selimundu huamka usiku akilia kwa maumivu ya mifupa, na mama yake hana la kufanya ila kumpakata. Mtoto kama huyo aweza kupona kwa uboho wa ndugu yake anayelingana naye. Na tiba hiyo imekwisha kufanywa Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwaka 2023. Huko Paris, mwaka 1988, mtoto mwenye maradhi ya damu ya kurithi alitiwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga, damu ambayo desturi ilikuwa ni kuitupa. Hapana aliyedhulumiwa. Na Mtume wetu ametuamrisha tujitibu.

Basi swali si kama tutafute dawa. Swali ni kwa njia gani. Mwezi wa Desemba 2003, wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita walikutana Makka. Wakaruhusu chembe za mtu mzima aliyeridhia na asiyedhurika, za kondo na kitovu, za mimba iliyoharibika yenyewe, na za viini vilivyobaki katika matibabu ya utasa, mume na mke wakiridhia kuvitoa. Wakakataza mimba iliyotolewa kwa kusudi bila ya sababu ya kitabibu, na wakakataza kuunda kiini ili kije kuvunjwa.

Atasema msemaji: si wanavyuoni wengi husema kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120? Ni kweli. Lakini kisichopulizwa roho si takataka. Mwanadamu hafanywi kuwa shamba la kuvunwa.

Tazameni pia: mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha chembe za panya katika hali ya mwanzo, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa chembe za ngozi ya mwanadamu, pasi na kuvunja kiini. Anayejizuia na haramu hapotezi; hulazimika kutafuta zaidi, na mara nyingi hupata.

Tena ndugu zetu, jihadharini na wauzao matumaini. Wapo wanaodai kwamba sindano moja ya chembe shina huponya kila maradhi. Mwaka 2017 majarida ya tiba yalieleza habari za wanawake watatu wa Marekani waliodungwa machoni chembe za mafuta yao wenyewe. Walikwenda wakitafuta nuru, wakarudi wameharibikiwa macho. Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya dawa, ulizeni mambo matatu: Imetoka wapi? Aliyeitoa ameridhia? Imethibitishwa na waganga waaminifu, au na muuzaji peke yake?

Na ninyi wanafunzi, msiikimbie elimu hii. Tukiwaachia wasioogopa, watatuamulia wao lililo halali.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na utujaalie elimu yenye manufaa. Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na ninyi. Amin.