Baiskeli za Msaada, na Njia ya Kuzipitishia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Kamati imetutuma sisi wa kikundi cha baiskeli tuwaeleze habari ya fedha za msaada: tulivyoziomba, tulivyozipata, na tulivyozipoteza. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kusema kosa letu, ili tawi lisilirudie.

Wote mwajua kazi ya reli haina saa. Mtu wa zamu ya alfajiri hutoka nyumbani saa tisa na nusu usiku, wakati hakuna matatu, na akichelewa jina lake huandikwa. Ndiyo sababu tuliungana watu 22, tukaomba msaada kwa wafadhili. Katika barua yetu tuliomba kitu kimoja tu: baiskeli. Tukapewa 15, tukapiga makofi.

Baada ya miezi minane, 6 zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Hii haina tyubu, ile imekatika mnyororo, nyingine imevunjika spoku. Fedha ya spea hatukuiomba, wala sisi wenyewe hatukuweka hata senti. Tulipoomba mara ya pili, tuliulizwa hesabu ya fedha ya kwanza. Daftari lilikuwapo, risiti hazikuwapo. Hakuna aliyeiba; lakini mbele ya mkaguzi, mwizi na mtu asiye na risiti ni mamoja. Tukanyimwa, na haki yetu ilikuwa kunyimwa.

Tena likaja jambo zito kuliko hilo. Mwenzetu mmoja, akienda zamu ya usiku, aligongwa na lori mahali ambapo barabara haina ukingo wa kupita. Alilala hospitali majuma saba, na mpaka leo anachechemea. Baiskeli yake ilikuwa nzima, breki zake nzima. Hakukosa baiskeli; alikosa njia.

Basi tukauliza wengine wanafanyaje. Shirika la World Bicycle Relief lilianza mwaka 2005 kuwasaidia watu wa Sri Lanka baada ya tsunami, kisha likafanya kazi Zambia. Huko mwanafunzi hupewa baiskeli kwa mkataba, kamati ya wenyeji husimamia, na mafundi wa hapo hapo hufundishwa kuzitengeneza. Uchunguzi wa miaka ya 2017 na 2018 ulionyesha kuwa wasichana waliopewa baiskeli walipunguza siku za kukosa shule kwa zaidi ya robo. Angalieni vizuri, ndugu: si chuma peke yake kilichofanya kazi hiyo. Ni chuma, fundi na kamati.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu.

La kwanza, kikundi kiandikishwe. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 yataka watu wasiopungua 10, sisi tumezidi. Mfadhili hatii fedha mfukoni mwa mtu. Ataka cheti, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, na risiti ya kila shilingi.

La pili, barua ya ombi itaje fedha ya spea na ya kufundisha mafundi, na sisi tuchange. Tumekwisha kuanza: shilingi 20 kila mtu kila juma. Katika zile 6 za ukutani, 4 sasa zatembea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

La tatu, tudai njia. Mfadhili wa kikundi kidogo hatatujengea barabara. Hiyo ni kazi ya fedha za kodi yetu. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kutenga 20 kwa mia ya fedha za kujenga barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Lakini karatasi haimwagi lami yenyewe. Lazima watu waulize kila mwaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 37, yatupa haki ya kupeleka maombi yetu kwa wenye mamlaka. Makadirio ya fedha hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya Aprili kwisha. Ukienda Juni, garimoshi limekwisha ondoka.

Tena tusiende mikono mitupu. Twaomba watu 6 wa kujitolea wasimame penye kivuko cha reli asubuhi tatu, kutoka saa kumi na moja mpaka saa moja, wahesabu kila baiskeli ipitayo. Mkubwa aweza kubishana na kelele. Kubishana na hesabu ni shida.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba mkutano ukate shauri leo. Karatasi ya majina iko mezani. Jina la kwanza limekwisha andikwa, na aliyeliandika ni yule mwenzetu anayechechemea. Zimebaki nafasi 5.

Umoja ni nguvu.