Mwili Wake Nao Upimwe
Maneno ya Kamati ya Fedha siku ya harambee



Mwaka huu hatuombi mabati wala saruji. Tunaomba fedha za kuwapima watu ambao tumezoea kuwapita njiani.

Kuanzia Kinole hadi Mgeta, kila kijiji kina dada au shangazi ambaye tunasema amechanganyikiwa, au gongo limemmaliza. Wengine mambo yao yalianzia kwenye kipigo au kubakwa, na ndugu wakanyamaza. Akili yake tunaizungumza sana. Mwili wake tunausahau. Akilalamika kifua, tunasema ni ule ugonjwa wake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi huuawa na maradhi ya mwili yanayozuilika, kama ya moyo na kisukari.

Sababu zinajulikana. Baadhi ya dawa za akili huongeza uzito na sukari mwilini, lakini mgonjwa asiziache, apimwe. Gongo huharibu ini na kumnyima mtu hamu ya kula. Na aliyewahi kubakwa huweza kukiogopa kitanda cha uchunguzi, akakosa kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, ingawa kipimo hicho huhitaji siki tu na jicho la muuguzi aliyefunzwa. Mama huyo anahitaji muuguzi wa kike, aelezwe kabla ya kuguswa, na akisema basi, iwe basi.

Mkoa wetu si mgeni wa kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyojaribiwa mpango wa taifa wa kupeleka huduma za afya ya akili hadi zahanati. Kwa hiyo jambo hili linawezekana kwetu.

Fedha zitafanya mambo matatu: nauli ya kliniki kwa mgonjwa na msindikizaji wake, maana kushuka mlimani kwa bodaboda ni gharama, vipima presha na sukari kwa zahanati zetu, na siku za uchunguzi zenye wauguzi wa kike. Kila shilingi itakuwa na stakabadhi, na hesabu zitasomwa mkutano mkuu. Tutasoma idadi ya waliopimwa; majina yao hayatatajwa.

Kwetu Waluguru, ukoo na shamba hupitia kwa mama. Huyu tunayemwita kichaa ndiye ukoo wenyewe. Wajomba, ninyi ndio wasemaji wa ukoo: mtafutieni mtu wa kumsindikiza. Sisi wengine tulipe nauli.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina.