Seremala Aliyepata Mali: Maisha ya Gerishon Kirima
(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Nyeri)



Mliponiagiza niseme machache juu ya biashara ya samani, niliwakumbuka kwanza maseremala wetu wa Nyeri na Karatina, wapigao randa kando ya barabara tangu alfajiri. Nikaona yafaa nimtaje mtu aliyeanza pale pale walipo wao, akafika mbali: marehemu Gerishon Kamau Kirima, mzaliwa wa Murang'a, kwa jirani zetu wa kusini.

Kirima hakujaliwa elimu kubwa. Mtaji wake ulikuwa ufundi wa mikono. Alikwenda Nairobi, akaajiriwa kazi ya useremala katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kisha akafungua karakana yake mwenyewe, akatengeneza samani na kuziuza. Wazee mnazikumbuka siku zile kuliko mimi. Sheria ya mwaka 1948 ilimwekea Mwafrika mipaka ya kukopeshwa, hata mfanyabiashara mwaminifu hakuweza kupewa mali nyingi kwa ahadi yake tu. Aliyetaka kusonga mbele ilimpasa auze kitanda ndipo anunue mbao za meza.

Kutoka katika samani aliingia katika biashara ya nyama, baa na nyumba za kupangisha, akanunua na shamba kubwa huko Njiru, mashariki ya Nairobi. Watu wakamwamini, akawa diwani, na baadaye Mbunge wa Starehe. Vijana wetu wanaoona haya kushika msumeno na wazingatie jambo hilo.

Lakini hadithi haiishii hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu. Kirima alifariki mwaka 2010. Jamaa zake walikaa miaka mingi mahakamani wakishindania urithi. Na lile shamba la Njiru lilikuwa limekwisha kujaa watu. Wengine walidai kuwa wameishi humo muda mrefu, wengine kuwa wameuziwa viwanja. Mwezi wa Oktoba 2023 mahakama iliamua kwamba ardhi ile, ipatayo ekari elfu moja, ni ya mirathi ya Kirima. Waliokuwa wamejenga humo kwa akiba ya maisha yao walilia. Sisemi haya kumlaumu marehemu. Nasema kwamba mali huchumwa na mtu mmoja, lakini huwaumiza wengi isipopangwa.

Wala si matajiri peke yao. Baba yangu mdogo alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, makabati, na majeneza ya jirani zake, tena mara nyingi kwa deni, kwa kuwa hakuweza kumrudisha mfiwa mikono mitupu. Madeni yote aliyaweka kichwani. Siku tuliyomzika, vichwa vya watu vilikuwa vingi kaburini, ila hakuna aliyejitokeza kusema, "Mimi nilikuwa na deni lake." Mjane wake aliuza randa na misumari ili alipe karo ya watoto. Wahenga walinena kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazee wetu, kwa desturi yetu, kumwuliza mtu aliye hai habari za urithi wake huonekana kama kumtakia kifo. Naiheshimu desturi hiyo. Hata hivyo, mimi ndimi nishikaye daftari la Chama, na safu ya jina la mrithi ina nafasi tupu nyingi mno. Mwanachama akifa, Kamati itampa nani msaada wa mazishi? Mke? Ndugu? Au yule atakayefika kwanza ofisini?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba, kabla hatujatawanyika leo, kila mwanachama apite mezani kwangu na kutaja jina la mrithi wake mbele ya mashahidi wawili. Mwenye duka au karakana na aanze pia daftari la wadeni wake. Kalamu ninayo, na wino upo.