Raki ya Usukani Inayovuja: Mazungumzo kwa Wenye Magari ya Zamani, Mutuini



Mada ya leo ni raki ya usukani inayovuja. Ni tatizo la magari ya umri mkubwa, kama vile Toyota Corolla 110 na Nissan Sunny B14, ambayo bado yanapeleka watoto shuleni na mboga sokoni kila siku. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liundwe. Maana yake ni kwamba Corolla ya mwaka 1998 inayoonekana leo kwenye barabara ya Dagoretti iliingia nchini kabla ya mwaka 2007, na tangu hapo imekuwa ikila vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope mvua inyeshapo. Sili za mpira zilizomo ndani ya raki hazina maisha ya aina hiyo.

Kwanza ieleweke raki inafanya nini. Dereva akizungusha usukani, gia ndogo iliyo mwisho wa shafti husukuma chuma kirefu chenye meno kwenda kushoto au kulia. Chuma hicho ndicho raki, na ncha zake zimeunganishwa na magurudumu kwa raki endi na tairodi. Kwenye gari la pawa stelingi ya oili, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma oili ndani ya raki kwa nguvu inayozidi upepo wa tairi zaidi ya mara 20, nayo oili humsaidia dereva kusukuma. Ufundi huu si mpya. Francis Davis wa Marekani aliuonyesha mwaka 1926, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye msaada huo mwaka 1951. Magari mengi ya siku hizi hutumia mota ya umeme. Mwenye gari asiyekuwa na hakika afungue boneti: kama hakuna kikopo cha oili ya pawa stelingi, mazungumzo haya hayamhusu sana.

Kuna hofu moja inayosikika mara nyingi, kwamba oili ikiisha usukani "utakatika". Haukatiki. Chuma kinabaki kimeshikana na magurudumu, ila usukani unakuwa mzito ghafla, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu mwenye mikono dhaifu anayekata kona kwenye mteremko, huku boda boda ikimpita upande wa kushoto, hana nafasi ya kujifunza usukani mzito. Tena pampu inayozunguka bila oili hujila yenyewe, na gharama inakuwa ya vifaa viwili badala ya kimoja. Oili ikidondokea ekzosti ya moto inaweza kuwaka.

Kinachoweza kumwacha dereva bila usukani kabisa ni raki endi au tairodi iliyolegea ikachomoka. Kwa hiyo fundi anayechunguza mvujo ashike gurudumu pande mbili gari likiwa juu ya vistendi, alitikise kushoto na kulia. Likigonga, gari lisirudi barabarani hadi litengenezwe, hata kama halivuji tone. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali nzuri, na usukani ni miongoni mwa mambo ambayo polisi na wakaguzi wa NTSA huyatazama.

Kabla ya kununua raki, ihakikishwe kwamba ni raki inayovuja. Pesa nyingi zimepotea hapa. Oili hutambaa, na tone linaloanguka chini ya raki huenda limetoka kwenye klempu ya paipu ya kurudishia oili, au kwenye sili ya pampu, juu kabisa. Eneo lote lisafishwe kwa sabuni na maji, likauke, injini iwashwe, mtu azungushe usukani mara chache huku mwingine akitazama kwa tochi. Kisha ziminywe buti za mpira zilizo kwenye ncha mbili za raki. Buti ikiwa na oili ndani, sili ya raki imekwisha. Buti ikiwa kavu, paipu zitazamwe upya.

Wengine huongeza oili kila Jumatatu na kuendelea na safari. Wengine humimina dawa ya kuziba, ambayo hufanya mpira uvimbe kwa muda na pengine kumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Kumimina mafuta ya breki ndani ya kikopo cha stelingi ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu huharibu sili za mfumo mzima. Magari mengi ya Kijapani ya wakati huo hutumia ATF ya aina ya Dexron. Maandishi ya kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari yafuatwe.

Je, sili zibadilishwe peke yake? Inawezekana, lakini fundi avute buti kwanza atazame chuma cha raki. Buti iliyopasuka huingiza maji na mchanga, chuma kinapata kutu na vishimo vidogo, na sili mpya ikipita juu ya vishimo hivyo itakatwa ndani ya muda mfupi. Chuma kikiwa laini na kinang'aa, sili zinafaa. Kikiwa na kutu, raki nzima ibadilishwe.

Wengi wataenda Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan. Mnunuzi aende na nambari ya chasisi, na ikiwezekana raki ya zamani yenyewe. Asikubali raki iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, hata ikiwa safi namna gani, kwa kuwa gia yake iko upande usiofaa. Raki kutoka Japani inafaa kwa sababu Wajapani, kama Wakenya, hukaa kulia. Avute buti za raki hiyo ya mtumba papo hapo, aangalie kutu na oili, kisha adai risiti yenye siku za kurudisha bidhaa. Muuzaji anayekataa buti ivutwe amekwisha kujibu swali.

Kazi yenyewe huchukua sehemu kubwa ya siku. Gari lisimame mahali tambarare, gurudumu za nyuma zizuiwe, na mbele lipumzike juu ya vistendi. Jeki peke yake haitoshi, na mawe hayafai kabisa. Usukani unyooshwe na ufungwe kwa mkanda wa kiti usizunguke, kwa maana gari lenye erbegi lina waya mwembamba ndani ya usukani unaokatika ukizungushwa kupita kiasi. Betri ifunguliwe, oili ya zamani ivutwe kwa bomba la sindano, kiungo cha shafti kitiwe alama ya rangi.

Raki mpya isifungwe kabla ya kuwekwa katikati: izungushwe kutoka mwisho hadi mwisho huku mizunguko ikihesabiwa, kisha irudishwe nusu yake. Fundi akiruka hatua hii, gari litakata kona vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili. Urefu wa tairodi upimwe kwa kulinganisha na raki ya zamani. Washa za paipu ziwe mpya.

Baada ya kujaza oili, upepo utolewe magurudumu yakiwa hewani na injini ikiwa imezimwa, usukani ukizungushwa taratibu mwisho hadi mwisho mara kumi au zaidi, oili ikiongezwa kila inaposhuka. Ndipo injini iwashwe. Oili yenye povu la rangi ya maziwa bado ina upepo. Usukani usishikiliwe mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo pampu inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Kisha gari liende kupangwa magurudumu siku hiyo hiyo, la sivyo tairi mbili za mbele zitalika upande mmoja.

Oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni. Mitaro ya eneo hili huelekea Mto Motoine, na Motoine huingia Bwawa la Nairobi. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa mkusanyaji wa oili chafu aliye na leseni ya NEMA.

Kwa wiki ya kwanza mwenye gari atandike kipande cha katoni chini ya injini kila usiku na kukitazama asubuhi kabla ya kuwasha gari. Doa jipya likionekana, arudi kwa fundi na risiti mkononi.