Wakati Hukombolewa kwa Bei

(Maneno ya hotuba iliyotolewa katika ibada ya shukrani, siku ya pili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

 

Kamati imenipa dakika 20 na mada moja: jinsi Mkristo anavyopaswa kuutumia wakati wake. Nadhani nimechaguliwa kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, na sifa zetu katika jambo hili mnazijua. (Kicheko.) Nitajitahidi nisizidishe hata dakika moja.

Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso habari za wakati, hakuwaambia wautunze sandukuni. Alitumia neno la sokoni: kukomboa. Katika miji mingine neno hilo laweza kupita masikioni bila kugusa kitu. Hapa Tabora halipiti hivyo. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Katika njia hiyo zilipita nguo, shanga na pembe za ndovu. Walipita pia wanadamu waliofungwa minyororo. Huku kwetu, mtu alipokombolewa, kila mmoja alijua kuwa kuna bei iliyolipwa. Basi, ndugu zangu, wakati nao ni mateka. Umeshikwa na uvivu, na porojo, na shughuli nyingi zisizo na faida. Haurudi mikononi mwetu kwa kuusubiri. Ni lazima tutoe kitu tunachokipenda ndipo tuupate.

Nitatoa mfano wa mtu mmoja ambaye neno hilo lilimgusa mwilini. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walimkomboa huko Algeria. Baadaye alisomea udaktari katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Vijana, toeni hesabu hiyo: ni miaka 67. Mtu aliyekuwa amenyang'anywa utoto wake alipopata uhuru hakusema, "Sasa nijilipe." Alichukua miaka yote aliyorudishiwa, akawapa wagonjwa wasiokuwa na daktari mwingine. Huko ndiko kukomboa wakati.

Sasa niseme juu ya saa zenyewe. Sisi Waswahili tumejaliwa jambo moja ambalo wenzetu wa lugha nyingi hawana. Saa yetu inaanza na jua. Likichomoza tunakaribia saa moja, likiwa utosini ni saa sita, likizama ni saa kumi na mbili. Ndivyo walivyohesabu pia watu wa nchi ya Bwana wetu. Kwa hiyo tunaposoma mfano wa mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, hatuhitaji mtu wa kutufafanulia. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho akatoka saa kumi na moja, akakuta watu wamesimama bila kazi. Mtoto wa Tabora anajua saa kumi na moja ni saa gani. Vivuli vimekuwa virefu na ng'ombe wanarudi. Imebaki saa moja tu. Na hata hao waliitwa.

Wengi wetu tuliokaa viti hivi vya mbele tuna umri wa miaka arobaini na kitu. Kwa saa ya maisha, sisi tumeshapita adhuhuri. Jana jioni katibu aliposoma majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, niliyasikia majina ya watu niliolala nao bweni moja. Walikimbia mchakamchaka pamoja nasi kengele ilipolia alfajiri. Hawakuwa wazee. Musa aliomba katika zaburi yake afundishwe kuzihesabu siku, hakuomba aongezewe. Mtumishi wa Serikali mwenye miaka 45 amebakiza miaka 15 kufikia umri wa kustaafu kwa lazima, yaani miaka 60. Ndugu, miaka 15 ni michache.

Je, tutajifunza kwa nani kuutumia? Napendekeza tuanze na wapagazi waliopita hapa kabla yetu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Hakuwa na saa ya mkononi, lakini alijua wakati kuliko wengi wetu. Wengi wao walipanga safari kwa msimu, wakatoka kiangazi na kutaka kuwa nyumbani mvua zinapoanza, ili mashamba yasilale. Kila siku msafara uliondoka mapema, kabla jua halijawa kali, ukapiga kambi jua likiwa bado juu. Na palipokuwa na nyika isiyo na maji walikuwa na desturi waliyoiita tirikeza. Siku hiyo hawakutembea asubuhi. Walikunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala njiani pakavu, na kesho yake asubuhi wakafika penye maji. Waliugawa mwendo katika siku mbili ili kiu isiwaue.

Naona hapo mafunzo mawili. La kwanza, kila kazi ina msimu wake. Kulea watoto kuna msimu, kuwatunza wazazi kuna msimu, na mvua ikipita haimngoji mtu. La pili, mwenye busara hujaza kibuyu kabla ya nyika. Mkristo anayesubiri ugonjwa au msiba ndipo aanze kusali ameingia nyikani na kibuyu kitupu. Sala ya alfajiri ndiyo maji yetu. Hata Bwana Yesu aliamka alfajiri na mapema, kungali giza, akaenda mahali pa faragha kuomba.

Wako wanaosema, "Mimi muda wangu wote unapotea katika kungoja." Hao nawapeleka Kwihara, hapa jirani, kwenye tembe alilokaa Dk. David Livingstone. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, mzee yule alikuwa amekwisha kupotewa na hesabu ya tarehe. Daftari lake na la Stanley hayakupatana. Mwezi wa Februari 1872 walifika Kwihara wote wawili. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kwenda pwani, akiahidi kumpelekea watu. Livingstone akangoja hadi tarehe 25 Agosti, zaidi ya miezi mitano. Aliandika, alisoma, akatengeneza vifaa vya safari. Hatimaye watu 57 walifika kutoka pwani. Miezi 8 baadaye, Mei 1873, alifariki kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Susi na Chuma, waliokuwa naye kwa miaka mingi, pamoja na wengi wa wale aliowangoja hapa, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo wakafika Februari 1874. Chanzo cha mto Nile alichokitafuta hakukipata. Mto alioufuata ulikuwa Kongo. Lakini miezi ya kungoja haikupotea, maana ndiyo iliyomletea watu wa kumrudisha. Kungoja si kupoteza wakati, mradi anayengoja ana la kufanya na ana anayemtumaini.

Na sisi tunaye wa nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika shule hii tangu mwaka 1937 hadi 1942. Alibatizwa mwaka 1943. Toka mwaka 1946 hadi 1949 alirudi hapa mjini kufundisha St. Mary's, shule ambayo baadaye iliitwa Mihayo. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Na mwaka 1996, baada ya kung'atuka, zikatoka tenzi zake za Injili. Nani kati yetu ana kazi nyingi kuliko Rais? Kitabu hakiandikwi kwa muda uliobaki. Huandikwa kwa muda ambao mtu ameukomboa, huenda kwa kupunguza usingizi na mazungumzo ya jioni.

Wengine hudhani tatizo ni vyombo, kwamba tukipata vyombo vya kasi tutapata nafasi. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni, siku 94. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na miezi mitatu ikawa siku chache. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na safari ya siku nzima ikawa ya saa chache. Tuna simu ambayo inapeleka barua kwa nukta moja. Je, siku hizo zote tulizookoa ziko wapi?

Tufanye hesabu. Mtu anayekaa na simu yake saa 3 kwa siku bila shughuli maalum, hutumia saa 1,095 kwa mwaka. Msafara wa Stanley, hata tukisema ulitembea saa 5 kila siku kwa siku zote 94 bila kupumzika, ungetumia saa 470. Maana yake ni kwamba kila mwaka kidole chetu kinatembea muda wa kutosha kutoka Bagamoyo hadi Tabora kwa miguu, kurudi Bagamoyo, na kuanza safari ya tatu. Wapagazi walifika mahali. Sisi tunafika wapi? (Kicheko.) Sisemi simu itupwe. Nasema idaiwe hesabu.

Ndugu zangu, nimeliacha kwa makusudi jambo linalonigusa zaidi. Tunapozungumza juu ya wakati, kila mmoja huufikiria wakati wake. Lakini wengi wetu hapa tuna madaraka, na mwenye madaraka anashika wakati wa watu wengine. Katika ofisi moja niliwahi kumwona mama aliyetoka kijijini kwa basi la alfajiri, akiwa na nauli aliyoipata kwa kuuza kuku. Alihitaji sahihi moja tu. Mwenye kalamu alikuwapo, na karatasi ilikuwapo. Akaambiwa, "Njoo kesho." Kesho hiyo ilimgharimu nauli ya pili, siku ya pili ya shamba, na usiku wa kulala kwa watu. Hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mwake, na kwa hiyo hakuna aliyejiona mwizi. Mimi nasema aliibiwa. Mkristo anayeogopa kuchukua shilingi ya mtu na aogope vivyo hivyo kuchukua siku yake. Neno "njoo kesho" lina nafasi pale tu ambapo leo haiwezekani kweli.

Na mtu asinielewe kuwa nahubiri haraka. Bwana Yesu alipokuwa akienda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi, mwanamke mgonjwa aligusa vazi lake katika msongamano. Yesu alisimama. Akauliza, akamsikiliza, akampa amani, Yairo akiwa anasubiri. Kisha akaenda, na binti naye akainuka. Kutumia wakati vizuri hakumfanyi mtu awapite wenzake njiani kama gari la moshi. Mtu aliyekusimamisha huenda ndiye kazi uliyopewa siku hiyo.

Kwa kumalizia, naomba tuondoke hapa na mambo matatu tu, yasiyohitaji bajeti. Kwanza, nusu saa ya alfajiri iwe ya Mungu kabla haijawa ya simu. Pili, kila mwenye ofisi achague shauri moja ambalo limelala mezani pake, alimalize wiki hii, hasa kama ni la mtu asiye na wa kumsemea. Tatu, kila mmoja wetu awe na saa chache kwa mwezi kwa ajili ya vijana hawa, kuwaandikia, kuwafundisha somo analolijua, au kuwasikiliza tu. Shule haikutulea kwa mabati na saruji peke yake. Kuna walimu waliokaa nasi jioni wakati familia zao zinawangoja. Deni hilo halilipwi kwa mchango wa fedha pekee.

Nanyi vijana, kwenu bado ni saa tatu asubuhi. Msidanganywe na wingi wa mchana. Kwetu jua limepinda, lakini halijazama, na Mwenye shamba bado anapita sokoni akiita watu.

Ndugu Mwenyekiti, naona nimebakiwa na dakika mbili. Nazirudisha kwako.